Meneja wa Miradi ya Tovuti Anayejitegemea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu anayeifanya kazi hii kutoka Dar es Salaam. Yamekusudiwa kwa anayefikiria kuacha ajira ili asimamie miradi ya tovuti kwa kujitegemea, na pia kwa mteja anayetaka kujua, kabla hajasaini, ni huduma gani hasa anayoilipia.

Meneja wa miradi anafanya nini, ikiwa hatengenezi tovuti kwa mikono yake?

Msimamizi wa ujenzi hapangi tofali, lakini ndiye anayejua ni tofali ngapi zimeagizwa, fundi bomba anakuja lini, na kwamba plasta haipigwi kabla nyaya za umeme hazijapitishwa ukutani. Kwenye tovuti kazi ni ya namna hiyo hiyo. Kuna msanifu wa mwonekano, kuna mtengenezaji anayegeuza michoro kuwa kurasa zinazofanya kazi, kuna mwandishi wa maudhui, kuna anayeangalia seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na kuna mteja ambaye mara nyingi si mtu mmoja bali ni kamati nzima. Meneja anaandika wigo wa kazi, yaani yatakayofanywa na yasiyofanywa, anakadiria muda na gharama, anapanga nani anamsubiri nani, anaijaribu kazi kabla mteja hajaiona, na anakuwa mtu ambaye akiulizwa mradi umefika wapi anatoa jibu la kweli.

Anayejitegemea ana tofauti moja kubwa na aliyeajiriwa. Aliyeajiriwa ana cheo, na nyuma yake ipo kampuni inayoweza kumwonya fundi mzembe au kumpigia simu mteja mkaidi. Wa kujitegemea hana mamlaka juu ya mteja, na mafundi nao si waajiriwa wake. Nguvu pekee aliyonayo ni yale ambayo pande zote ziliyakubali kwa maandishi. Karibu kila jibu linalofuata hapa chini linatokana na jambo hilo.

Kwa nini mteja asimlipe mtengenezaji moja kwa moja, akaokoa fedha za meneja?

Kwa tovuti ya kurasa tano ya duka dogo, na afanye hivyo. Mimi mwenyewe huwashauri wateja wa aina hiyo wasiniajiri. Meneja anahitajika pale ambapo watu wanaotegemeana wamezidi watatu, pale ambapo mfumo wa malipo au usajili unahusika, au pale ambapo upande wa mteja una idara kadhaa zenye maoni tofauti. Shule inayotaka wazazi walipe ada mtandaoni, kwa mfano, itakuwa na mhasibu, mkuu wa shule, bodi, benki au kampuni ya simu, na mtengenezaji. Asipokuwepo mtu wa kuwasikiliza wote na kuandika walichokubaliana, mtengenezaji atatengeneza alichoelewa yeye.

Je, ni lazima nijue kuandika programu?

Si lazima uweze kuitengeneza tovuti, ila ni lazima uelewe inavyofanya kazi. Unapaswa kujua tofauti ya jina la kikoa (anwani ya tovuti mtandaoni) na mahali tovuti inapohifadhiwa, kwa nini kuhamisha barua pepe za ofisi ni jambo la hatari kuliko kuhamisha kurasa, na kwa nini picha ya megabaiti nane inamchelewesha msomaji aliye Sumbawanga mwenye bando dogo. Asiyejua haya hudanganywa kwa urahisi, na lililo baya zaidi ni kwamba humwahidi mteja mambo ambayo fundi hayawezi. Njia niliyoipenda ya kujifunza ilikuwa kujenga tovuti mbili za majaribio kwa WordPress, programu ya kujengea tovuti, kuziharibu kwa makusudi, kisha kuzirudisha kutoka kwenye nakala rudufu.

Je, nahitaji cheti?

Mteja wa kawaida wa Afrika Mashariki haulizi cheti. Anauliza umemfanyia nani kazi. Mashirika ya kimataifa na zabuni kubwa ndiyo huviuliza. Kinachojulikana zaidi ni PMP, cheti cha meneja wa miradi aliyebobea, cha taasisi ya Marekani ya usimamizi wa miradi, PMI, iliyoanzishwa mwaka 1969. Mwenye shahada ya kwanza hutakiwa kuwa na miezi 36 ya kuongoza miradi pamoja na saa 35 za mafunzo, kwa hiyo si cheti cha mtu anayeanza. Anayeanza anaweza kufikiria CAPM, cheti cha ngazi ya chini cha taasisi hiyo hiyo, au mtihani wa kwanza wa Scrum.org, taasisi ya Scrum, mbinu ya kufanya mradi kwa awamu fupi, ambao haumlazimishi mtu kuhudhuria kozi. Ushauri wangu ni kwamba usikope fedha kwa ajili ya cheti kabla hujasimamia hata mradi mmoja.

Nitoze kiasi gani?

Watu wengi huanza kwa kuchukua mshahara wao wa zamani na kuugawa kwa siku 22 za kazi, na hapo ndipo wanapojiumiza. Anayejitegemea halipwi kila siku ya kazi. Kuna siku za kutafuta wateja, za kuandika mapendekezo yasiyojibiwa, za kufuatilia ankara na za kuugua. Chukua kwamba kwa mwezi utalipwa siku 12. Ikiwa mahitaji yako pamoja na bima, bando, umeme na akiba ya kodi ni shilingi 1,800,000 za Tanzania, siku moja ni shilingi 150,000. Ukigawa kwa 22 utapata karibu shilingi 82,000, na mwisho wa mwezi utashangaa fedha zimekwenda wapi.

Kwa mradi wenye mwanzo na mwisho, mimi hutoza kati ya asilimia 10 na 20 ya gharama yote ya mradi, kulingana na idadi ya watu wa kuwaratibu. Kwa kazi ya kuendelea, kama kusimamia mabadiliko ya tovuti ya shirika kwa mwaka mzima, ada ya kila mwezi ni bora kwa pande zote mbili, mradi saa zake ziandikwe.

Je, fedha za mafundi zipitie kwangu, au mteja awalipe mwenyewe?

Swali hili linastahili kufikiriwa kuliko linavyofikiriwa. Fedha zikipitia kwako, unaonekana mkubwa, unapanga timu unavyotaka, na mteja anapata ankara moja. Lakini deni nalo ni lako: mteja akichelewa, fundi hana habari na mteja, anakujua wewe.

Kuna pia upande wa kodi. Nchini Tanzania malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio (kodi ambayo anayelipa huikata kabla hajakulipa) ya asilimia 5, na nchini Kenya ada za kitaalamu kwa mkazi hukatwa asilimia 5 vilevile. Mradi ukiwa wa shilingi 6,000,000 na ada yako ikiwa 900,000, zuio la fedha zote ni shilingi 300,000, yaani theluthi moja ya kile ambacho kweli ni chako, na huku mafundi wanasubiri malipo yao kamili. Zuio hilo hutambuliwa unapofanya hesabu za mwaka, lakini fedha taslimu hunazo leo. Kwa miaka miwili ya kwanza ningemshauri yeyote amwache mteja awalipe mafundi moja kwa moja kwa idhini ya maandishi ya meneja, na meneja apokee ada yake tu.

Mkataba uwe na nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona fani inayouthibitisha msemo huo kuliko hii. Mkataba si lazima uwe mrefu. Wangu wa sasa ni kurasa nne, ambazo nilimpa wakili azipitie mara moja kisha ninazirekebisha kwa kila mteja.

Lililo muhimu kuliko yote ni wigo, na wigo mzuri unaorodhesha pia yale ambayo hayamo. Ukiandika tu kwamba tovuti itakuwa na duka la mtandaoni, mteja atadhani picha za bidhaa 400 zitapigwa nanyi. Andika kwamba picha ni jukumu lake. Taja idadi ya marekebisho yaliyomo kwenye bei, kwa mfano awamu mbili kwa kila mchoro. Mtaje mtu mmoja upande wa mteja ambaye neno lake ni la mwisho, kwa jina na cheo, kwa sababu kamati isiyo na mwamuzi hurudisha rangi ya bluu wiki moja baada ya kuikataa. Andika haki za kazi zinahamia kwa mteja lini. Mimi huandika kuwa zinahamia malipo ya mwisho yanapoingia, na ninahakikisha mikataba ya mafundi inasema hivyo hivyo, la sivyo nitakuwa ninaahidi kisicho changu.

Kuhusu malipo, kosa la kawaida ni kufunga awamu ya mwisho kwenye siku ya uzinduzi. Uzinduzi uko mikononi mwa mteja, naye anaweza kuuahirisha miezi sita kwa sababu mkurugenzi yuko safarini. Mimi hugawa asilimia 40 kabla ya kuanza, 30 michoro inapokubaliwa, na 30 siku 14 baada ya tovuti kukabidhiwa kwa ukaguzi, izinduliwe isizinduliwe.

Mteja anaongeza mambo kila siku kwenye WhatsApp. Nifanye nini?

Usimkatalie kuandika kwenye WhatsApp. Huko ndiko watu wetu wanakoishi, na meneja anayelazimisha kila jambo lipite kwenye mfumo wake atabaki akizungumza peke yake. Pokea ombi, shukuru, kisha lihamishie kwenye orodha moja inayoonekana na wote, iwe kwenye Trello, programu ya kupanga kazi, au jedwali la kawaida. Jioni tuma barua pepe fupi: leo umeomba mambo matatu, mawili yamo ndani ya wigo, la tatu litaongeza siku nne na shilingi kadhaa, je tuendelee? Sauti ndefu zinazotumwa usiku nazo nazigeuza kuwa maandishi na kumrudishia mwenyewe athibitishe.

Niliwahi kulipuuza hili. Mteja mmoja aliomba kwa simu kwamba tovuti iwe na Kiswahili na Kiingereza, nikasema itawezekana, nikimaanisha kwamba si jambo gumu kiufundi. Yeye alielewa kwamba imo ndani ya bei. Tulipofika mwisho sikuwa na mstari hata mmoja wa kumwonyesha, na kurasa zote zilitafsiriwa kwa gharama yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikumbuka nilichosema, na nilikuwa nimekisema kweli.

Miradi huchelewa kwa sababu gani hasa?

Anayeanza hudhani ni kwa sababu ya mafundi. Kwa uzoefu wangu, kinachochelewesha tovuti nyingi kuliko vyote ni maudhui: maandishi ya ukurasa wa «Kuhusu sisi», wasifu wa wajumbe wa bodi, picha zenye ubora, orodha ya bei. Mteja anaamini atayaandika mwishoni mwa juma, na mwisho wa juma una harusi, msiba na kikao cha mtaa. Mchoro umekamilika, kurasa zimejengwa, na ndani yake kuna maandishi ya mfano yasiyo na maana yoyote, wiki baada ya wiki.

Nimejifunza mambo matatu. Kwanza, sianzi usanifu kabla sijapokea angalau maandishi ya kurasa kuu, hata yakiwa rasimu, maana msanifu anayechora bila maandishi anachora nyumba bila kujua familia ina watu wangapi. Pili, ninamwuliza mteja maswali kumi kwa simu, ninarekodi kwa ruhusa yake, na mwandishi anatengeneza rasimu kutokana na majibu. Mtu asiyeweza kuandika ukurasa mmoja kwa mwezi anaweza kuusema kwa dakika ishirini. Tatu, mkataba unasema kwamba maudhui yakichelewa zaidi ya siku kumi za kazi, ratiba nzima inasogea na mafundi wanaweza kuchukua kazi nyingine. Kifungu hicho sijakitumia kama adhabu hata mara moja, lakini kukisoma pamoja na mteja siku ya kwanza kumeokoa miradi mingi.

Mradi ukishachelewa, usikimbilie kuongeza mafundi. Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Sababu yake bado ipo: mgeni anahitaji kufundishwa, na wa kumfundisha ni yule yule aliyezidiwa na kazi. Punguza wigo badala yake. Zindua kurasa zilizo tayari, duka lifuate mwezi ujao.

Je, nitumie mbinu za Ajaili?

Ajaili (kwa Kiingereza Agile) ni namna ya kutengeneza programu kwa hatua fupi, ukimwonyesha mteja kila hatua. Tamko lake liliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani. Linathamini ushirikiano na mteja kuliko majadiliano ya mkataba, na programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nyingi. Nimekutana na wenzangu wanaolitumia kama ruhusa ya kutoandika chochote, nami naona wameacha kusoma sentensi ya mwisho, inayokiri kwamba hayo mengine nayo yana thamani. Waajiriwa wa kampuni moja wanaweza kufanya kazi kwa karatasi chache kwa sababu kesho watakutana ofisini. Wewe na mteja wako hamna uhakika huo. Chukua kutoka Ajaili desturi ya kumwonyesha mteja kazi halisi kila wiki mbili, na uendelee kuandika.

Nikiwa na wateja wa nchi nyingine, nizingatie nini?

Anza na saa. Sisi tukisema saa nne asubuhi tunamaanisha 10:00, na nimeona vikao vikikosewa hata baina ya Waafrika Mashariki wenyewe pale ambapo mmoja aliandika kwa Kiingereza huku akifikiri kwa Kiswahili. Andika muda kwa tarakimu za saa 24 na utaje ni muda wa wapi. Sisi hatubadilishi saa, lakini Uingereza hubadilisha mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba, hivyo London iko nyuma yetu kwa saa mbili majira ya joto na saa tatu majira ya baridi. Marekani hubadilisha kwa tarehe nyingine, na wiki hizo za katikati ndizo za kuangaliwa. Kigali na Bujumbura ziko nyuma kwa saa moja, Kinshasa kwa saa mbili. Mteja wa Muscat yuko mbele kwa saa moja, anapumzika Ijumaa na Jumamosi, na atakutafuta Jumapili asubuhi ukiwa kanisani au ukiwa umelala.

Lingine ni kuwa na njia mbadala ya intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na kwa siku kadhaa mawasiliano yalidhoofika Tanzania na nchi jirani. Wateja wa nje hawakuwa na habari hiyo. Walichoona ni ukimya. Sasa nina laini za kampuni mbili tofauti, na kila mteja wa nje ana namba ya simu ya kawaida anayoweza kunipigia.

Sheria za taarifa binafsi zinanihusu?

Zinakuhusu tangu siku unapoweka fomu ya mawasiliano kwenye tovuti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, chini ya Tume yake. Kenya na Uganda zilitunga za kwao mwaka 2019. Ukihudumia tovuti inayowalenga watu walioko Umoja wa Ulaya, kanuni yao inayotumika tangu Mei 2018 inakufuata hata huku. Kwa vitendo, uliza mapema: taarifa gani zinakusanywa, zinahifadhiwa wapi, nani anaziona, zinafutwa lini? Swali hili likiulizwa siku ya uzinduzi, jibu lake huwa ghali.

Mteja halipi. Nimzimie tovuti?

Hapana. Kuizima tovuti ya mtu kunaweza kumletea hasara ambayo utadaiwa wewe, na kunaharibu jina lako kuliko deni lenyewe. Kinga iko mwanzoni: malipo ya awali, awamu fupi, na kusimamisha kazi mara awamu moja isipolipwa. Ankara ikipita siku saba, napiga simu, si kutuma ujumbe, na namwomba mhasibu badala ya mkurugenzi, kwa sababu mara nyingi karatasi imekwama mezani kwa mtu ambaye hakuna aliyemkumbusha.

Kazi huisha lini?

Huisha siku mteja anapokuwa na kila kitu mikononi mwake. Jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la mteja, kamwe si la fundi wala la meneja. Nimesaidia taasisi ambayo jina lake la kikoa la .co.tz lilisajiliwa na kijana aliyekwisha hama mji, na kulirudisha kulichukua muda mrefu kuliko kujenga tovuti. Nywila zote zikabidhiwe kwa njia salama na zibadilishwe mbele ya mteja. Aelezwe cheti cha usalama cha tovuti kinahuishwa vipi, maana vile vinavyotolewa bure na taasisi ya Let's Encrypt vimezoeleka kudumu siku 90 tu, na kisipohuishwa vivinjari humwonya kila mgeni asiingie. Nakala rudufu ijaribiwe kwa kurudishwa kweli, na mtu mmoja wa upande wa mteja afundishwe kubadilisha habari na picha bila kukupigia simu.

Yote hayo yanaandikwa kwenye orodha ya makabidhiano ya ukurasa mmoja, ambayo mteja anaitia saini kila kipengele. Baada ya saini hiyo kunabaki siku 30 za kurekebisha kasoro bila malipo, na kasoro ni kile tu kilichomo ndani ya wigo na hakifanyi kazi. Ombi jipya ni mradi mpya, nao unaanza kwa ukurasa wake wa wigo.